Kijiji Kisicho na Mkutano Mkuu: Tahakiki ya Istilahi za Uendeshaji wa Kampuni za Nchi Nyingi

Hapana msemo uliozoeleka zaidi katika mihadhara ya utandawazi kuliko ule usemao kwamba dunia sasa imekuwa kijiji. Msemo huo ulivuma baada ya Marshall McLuhan, mwanazuoni wa Kanada, kuutumia katika maandishi yake ya miaka ya 1960, na wafasiri wetu waliupokea bila kusita, kwa kuwa neno kijiji tulikuwa nalo tangu zamani. Hapo ndipo penye tatizo ninalokusudia kulieleza. Kosa la tafsiri si lazima litokee pale neno linapokosekana. Aghalabu hutokea pale neno linapopatikana upesi mno.

Katika Tanzania kijiji si mkusanyiko wa nyumba tu. Tangu sheria ya mwaka 1975 ya kuandikisha vijiji na vijiji vya ujamaa, na hasa baada ya Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), kijiji ni chombo cha utawala. Kina mkutano mkuu ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Kina halmashauri yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Kina mwenyekiti aliyechaguliwa. Na halmashauri yake yaweza kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliongeza kwamba halmashauri haina uwezo wa kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Basi mtu akimwambia Mtanzania kuwa dunia imekuwa kijiji, Mtanzania huyo ana haki ya kuuliza mkutano mkuu wa kijiji hicho hufanyika wapi, na huitishwa na nani.

Swali hili laweza kuonekana la mzaha kwa mtu aliyeketi ofisini Dar es Salaam au Dodoma. Si la mzaha huko Ololosokwan. Kijiji hicho kipo katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Magharibi kinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kaskazini kinakaribia mpaka wa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wamaasai wafugaji. Kwa macho ya mtu wa mjini ni mahali pa mbali sana. Lakini kwa mchunguzi wa istilahi za uendeshaji wa kampuni kubwa, ni vigumu kupata mahali palipo karibu zaidi na jambo lenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Katika eneo la kijiji hicho ipo kambi ya watalii iitwayo Klein's Camp, ambayo ilichukua jina la mwindaji Mmarekani, Al Klein, aliyepiga kambi sehemu hizo zama za ukoloni. Eneo linalohusika ni kama ekari 25,000. Baada ya mgogoro kuhusu ardhi hiyo, mwaka 1999 kijiji na kampuni ya Conservation Corporation Africa walifikia makubaliano ambayo kwayo kijiji kilipewa kodi ya pango pamoja na malipo yanayohesabiwa kwa idadi ya usiku ambao wageni wamelala kambini. Kampuni hiyo, yenye asili yake Afrika ya Kusini na yenye kambi katika nchi kadhaa, ilibadili jina mwaka 2008 ikaitwa &Beyond. Kisha mwaka 2016 ukaja mradi mwingine: UNESCO, kwa msaada wa kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini, ilianzisha hapo hapo Ololosokwan masomo ya intaneti na huduma za afya zinazotumia vifaa vya kisasa na umeme wa jua. Kwa Kiswahili mradi huo uliitwa kijiji cha kidijitali.

Tazama jinsi maneno yalivyogongana. Ololosokwan, ambacho ni kijiji kwa sheria, kikawekewa ndani yake kijiji kingine ambacho si kijiji. Kile cha kwanza kina mwenyekiti na muhtasari wa vikao; hiki cha pili kina vifaa, mfadhili na meneja wa mradi. Simlaumu aliyeleta vifaa. Mwanafunzi aliyepata kompyuta amefaidika, liwalo na liwe kuhusu jina. Lakini mtumishi wa Halmashauri ya Wilaya anayeandika taarifa, na kuandika kwamba "kijiji kimekubali" au "kijiji kimepokea," hana budi kujua anazungumzia kijiji kipi. Mwezi Septemba 2017 Halmashauri ya Kijiji cha Ololosokwan, pamoja na halmashauri za Oloirien, Kirtalo na Arash, zilifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhusu ardhi ya Loliondo. Shauri hilo lilitupwa Septemba 2022, na Novemba 2023 Kitengo cha Rufani kikaamuru lisikilizwe upya. Kiini cha mgogoro huo kiko nje ya makala haya. Nautaja kwa jambo moja la lugha tu: aliyesimama mbele ya majaji ni kijiji kwa maana ya sheria. Kijiji cha kidijitali hakiwezi kusimama huko. Lingekuwa bora mradi ule kuitwa kituo, kama tunavyosema kituo cha afya, na neno kijiji likaachiwa wenyewe.

Mgongano wa pili ni mkubwa zaidi, nao unahusu neno kimataifa. Katika magazeti yetu, na hata katika nyaraka za Serikali, UNESCO huitwa shirika la kimataifa. Samsung nayo huitwa shirika la kimataifa, au kampuni ya kimataifa. Msomaji wa habari za Ololosokwan alielezwa, basi, kuwa mashirika mawili ya kimataifa yamekuja kusaidia. UNESCO ni chombo cha mataifa: yalikaa, yakatia saini katiba yake, yanalipa michango na yanapiga kura. Tanzania ni mwanachama. Kampuni haina mataifa ndani yake kwa maana hiyo. Ina wenye hisa. Inafanya kazi katika nchi nyingi, lakini haimilikiwi na nchi hizo wala haiwajibiki kwazo isipokuwa kwa kadiri sheria za kila nchi zinavyoilazimisha. Kuita vyombo hivi viwili kwa neno moja ni kuipa kampuni heshima ya Umoja wa Mataifa bila ya kuitoza ada.

Kwa sababu hiyo napendekeza, kama nilivyofanya katika kichwa cha makala haya, kusema kampuni ya nchi nyingi. Najua kuwa istilahi hii haina mvuto. Ni ya kawaida mno, wala haina harufu ya chuo kikuu. Lakini inasema kweli kuhusu jambo la kwanza ambalo mwanakijiji anahitaji kujua: kwamba mtu anayejadiliana naye ana kambi, viwanda au minara katika nchi nyingine pia, na anaweza kulinganisha.

Sasa nije kwenye neno ambalo ndilo moyo wa istilahi za fani hii: menejimenti. Tanzania haikulipokea kwa mara moja. Chuo kilichoanzishwa Mzumbe mwaka 1972, ambacho kwa jina lake la Kiingereza kilikuwa cha menejimenti ya maendeleo, kiliitwa kwa Kiswahili Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Mwongozo wa TANU, na neno uongozi lilikuwa na uzito wake: kiongozi huongoza watu, na watu humkosoa. Baadaye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilichagua usimamizi kwa dhana ile ile. Na idara ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia watumishi ikaitwa Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Vyombo vitatu vya Taifa moja vimetumia maneno matatu kwa neno moja la Kiingereza.

Wapo watakaosema kuwa huo ni ushahidi wa fujo. Mimi nauona kuwa ni ushahidi wa utajiri ambao hatujautumia. Kiswahili kina kuongoza, kusimamia, kutawala na kuendesha, na kila kimoja kina mahali pake. Anayeongoza huwa mbele ya watu na wanamwona. Anayesimamia husimama juu ya kazi, naye yupo pale pale. Anayetawala ana amri. Anayeendesha ameshika usukani, na kwa zama zetu si lazima awe ndani ya chombo. Menejimenti limekuja kuyafunika yote manne, na likishayafunika hatujui tena tunazungumzia lipi.

Hapo ndipo teknolojia inapoingia. Mapema miaka ya 1960 kampuni ya ndege ya American Airlines ilishirikiana na IBM kuunda mfumo wa kompyuta wa kuandikisha nafasi za abiria. Kabla ya mfumo wa namna hiyo karani alipaswa kutafuta katika kadi ili kujua kama ndege ina nafasi. Baadaye nafasi zote zilionekana mahali pamoja kwa sekunde chache. Hoteli na kambi za watalii zilifuata njia hiyo. Leo mtu wa London akitaka kulala usiku mbili kaskazini mwa Serengeti, wakala wake hutazama kwenye kioo cha kompyuta akaona hema lipi liko wazi, kwa bei gani, katika msimu upi. Bei hiyo haikupangwa kambini. Imepangwa na ofisi ya mauzo, pengine katika nchi ya tatu, kwa kuangalia hesabu za kambi zote za kampuni kwa pamoja.

Zamani meneja wa kambi ya porini alikuwa kama nahodha wa jahazi: akishang'oa nanga, mwenye chombo hana njia ya kumwamrisha mpaka arudi. Aliajiri, alinunua nyama na mboga, alipunguza bei mgeni alipolalamika, alikaa na wazee chini ya mti wakakubaliana jambo na likafanyika kesho yake. Setilaiti na intaneti zimemwondolea upweke, na pamoja na upweke zimemwondolea mamlaka. Kila kilichonunuliwa chaonekana makao makuu. Kila mgeni aliyeondoka huulizwa maoni kwa barua pepe, na majibu humfikia mkubwa wa meneja kabla hayajamfikia meneja mwenyewe. Jina la cheo limebaki lile lile, meneja, ilhali kazi yenyewe imekuwa usimamizi tu. Uendeshaji umehamia kwingine.

Mwanakijiji anayekwenda kambini kuomba ajira kwa mwanawe au kudai malipo yaliyochelewa, humwendea meneja kwa kuwa neno hilo linamwambia kuwa huyo ndiye mwenye kauli. Akiambiwa "nitawasiliana na ofisi," hudhani kuwa anahadaiwa. Yamkini hahadaiwi. Yamkini meneja hana uwezo huo kweli. Hali huwa mbaya zaidi anapoitwa mwekezaji, kama inavyotokea katika vijiji vingi vya utalii: "twendeni tukamwone mwekezaji." Mwekezaji ni yule aliyeweka mali yake. Aliyeko kambini ni mwajiriwa aliyetia saini mkataba wa miaka michache, naye akimaliza muda wake huhamishiwa kambi nyingine, labda ya Botswana. Mwekezaji hajawahi kulala Loliondo, na huenda asijue kuwa ana fedha huko.

Niliwahi kupewa kazi ya kupitia tafsiri ya kijitabu cha taratibu za kazi cha kampuni moja ya utalii ambayo sitaitaja. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa vyeo, na baina ya vyeo mistari ya namna mbili: mingine imekolea, mingine imekatika katika. Aliyefasiri kabla yangu aliandika "mstari imara" na "mstari wa nukta," akaendelea na safari yake. Mpishi mkuu wa kambi, kwa mujibu wa mchoro, "huripoti kwa" meneja kwa mstari imara, na "huripoti kwa" mkuu wa mapishi wa kampuni nzima kwa mstari wa nukta. Nilimwuliza mpishi mmoja, mtu mzima mwenye kazi yake mikononi, anaelewaje sentensi hiyo. Akanijibu kuwa kuripoti ni kufika kazini asubuhi, na kwamba huyo bwana mwingine yuko ng'ambo, hawezi kufika kwake.

Jibu lake lilinitosha. Kuripoti kwa, kwa maana ya kuwa chini ya mtu, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Na jambo lenyewe si geni kwa Mswahili. Mtoto ni wa babaye, lakini mjomba naye ana kauli katika mambo fulani, na watu huelewana bila kuchora mistari. Nilipendekeza tuandike kuwa mpishi ana mkuu wake wa kazi, ambaye ni meneja wa kambi, na mkuu wake wa fani, ambaye ni yule wa ng'ambo. Mkuu wa kazi humpa zamu, likizo na onyo. Mkuu wa fani humwelekeza aina ya vyakula na namna ya kuvitayarisha. Mpishi alielewa mara moja, kisha akauliza swali ambalo mchoro wa Kiingereza ulikuwa umelificha: wakitofautiana, namsikiliza yupi? Kijitabu hakikuwa na jibu.

Nadhani hicho ndicho kipimo kizuri cha istilahi katika uwanja huu. Istilahi nzuri humwezesha mfanyakazi kuuliza swali linalohusika. Istilahi mbaya humfanya atikise kichwa.

Kuna kundi jingine la maneno linalohusu kazi zilizotolewa nje ya kampuni. Mfano mzuri ni wa simu. Mtanzania aliyenunua laini ya Celtel miaka ya mwanzo ya 2000 aliona jina likibadilika kuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, baada ya kampuni ya Bharti ya India kununua shughuli za Zain katika nchi 15 za Afrika. Mnara ni ule ule, kilima ni kile kile. Mwaka huo huo wa 2010 Bharti iliipa IBM kazi ya kuendesha mifumo yake ya kompyuta katika Afrika, na baadaye kazi za mitambo ya mawasiliano zikapewa kampuni nyingine. Basi mteja analalamika kwa kampuni moja, ilhali kitu kilichoharibika kinaendeshwa na nyingine.

Kwa Kiswahili jambo hili limeitwa na baadhi ya wafasiri "kukasimu kazi." Sikubaliani nao. Kukasimu, kama watumishi wa Serikali wanavyolijua neno hilo, ni kumpa aliye chini yako sehemu ya madaraka yako, huku dhamana ikibaki kwako; Katibu Mkuu hukasimu, Mkurugenzi hukasimu. Kampuni inapotoa kazi yake kwa kampuni nyingine haikasimu, inanunua huduma. Anayeitoa hiyo huduma hayupo chini yake, bali ana mkataba naye. Tukitumia kukasimu tunamwahidi msomaji dhamana ambayo haipo. Kukabidhi kazi nje kungetufaa zaidi, ingawa nakiri kuwa sijaridhika nako.

Kuhusu kampuni mama na kampuni tanzu sina maneno mengi. Mifano miwili imechanganywa, wa mzazi na wa mti, na matokeo yake ni mama aliyezaa matawi. Wapo waliopendekeza mbele yangu kampuni shina na kampuni tanzu, ili mti ukamilike. Pendekezo ni zuri kwa sikio. Lakini katika lugha ya siasa ya nchi hii, tangu TANU hadi CCM, shina ni la chini kabisa, la watu wa nyumba chache wanaojuana, na kutoka hapo ndipo uhai wa mti unapopanda. Kuita makao makuu ya Johannesburg au Seoul shina ni kuugeuza mti miguu juu. Tuseme kampuni kuu, na yatosha.

Lugha nyingine za Tanzania zina msaada gani? Kanuni yetu ya kuunda istilahi inatutaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kuvuka bahari. Kwa njia hiyo tulipata ikulu, ngeli na kitivo. Lakini mara nyingi tunapofika kwenye hatua ya lugha zisizo za Kibantu tunaipita kama kituo ambacho basi halisimami. Wamaasai wa Ololosokwan wana neno olaigwanani, ambalo kwa Kiswahili cha huko limekwisha kuwa laigwanani, wingi malaigwanani. Wengi wetu hulifasiri kuwa kiongozi wa mila, na wengine, kwa haraka zaidi, chifu. Shina la neno hilo katika Kimaasai lina maana ya kushauriana. Laigwanani, basi, ni mtu wa baraza: husikiliza, huwaacha wengine waseme, na mwishoni hutamka lile ambalo wote wameliona. Sipendekezi kumwita meneja laigwanani. La hasha! Nataka kuonyesha tu kwamba watu wanaokaa mezani na kampuni za nchi nyingi wana dhana yao ya uongozi ambamo uamuzi hautenganishwi na kikao, na kwamba neno menejimenti linapofika kwao linabeba dhana iliyo kinyume kabisa, bila ya kusema hivyo.

Tafsiri isiyosema hivyo yaweza kuleta hasara. Chukua mfano ulio nje ya kampuni lakini wa mahali hapo hapo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kutenga maeneo ya kutumia na kuendesha wanyamapori, na Loliondo ilikuwa miongoni mwa sehemu 16 za majaribio. Katika Kiingereza jina la maeneo hayo lina neno lenye maana ya uendeshaji. Katika Kiswahili neno hilo lilitoweka, likaingia hifadhi. Huko Loliondo, ambako Hifadhi ya Serengeti ni jirani na ambako wazee wanakumbuka kuhamishwa kwao mwaka 1959, neno hifadhi lina maana moja tu: mahali ambapo ng'ombe haruhusiwi kuingia. Vijiji vya Loliondo havikuupokea mpango huo. Sisemi kuwa neno ndilo lililowakataza. Walikuwa na hoja nzito za ardhi na mapato. Lakini mfasiri aliyewapelekea neno hilo aliwapelekea jibu kabla ya swali.

Nimalizie na lile ambalo wafasiri watalikuta mezani mwao, hasa baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mikataba ya vijiji na kampuni za utalii aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kisha husomwa mkutanoni kwa Kiswahili. Kisha, sehemu kama Loliondo, hufafanuliwa kwa Kimaasai. Kiswahili kiko katikati, na upungufu wowote wake hupita kwa wazee kama ulivyo.

Kipimo cha malipo katika mikataba ya namna hiyo ni mgeni mmoja kulala usiku mmoja. Nimekuta kikifasiriwa kuwa "kitanda-usiku," "usiku wa kitanda," na mahali pengine "ada ya kitanda." Zote zina kasoro, kwa kuwa zinahesabu kitanda. Kitanda kikilaliwa na mume na mke ni kimoja au viwili? Mwanakijiji akienda kambini na kuhesabu vitanda atapata hesabu moja. Mfumo wa kompyuta wa kampuni, unaohesabu watu waliolipa, utatoa nyingine. Na mgeni aliyealikwa bila malipo, kwa mfano mwandishi wa habari au wakala, huenda asiwemo katika hesabu yoyote. Katika rasimu iliyo mbele yangu nimeandika "usiku wa mgeni mmoja," na nikaongeza kifungu kinachosema mgeni ni nani.

Kifungu kinachofuata kilisema kuwa hesabu "itatokana na mfumo." Katika Kiswahili hakuna anayeweza kumwuliza mfumo. Nimeiandika upya hivi: "Hesabu ya usiku wa wageni itatolewa kila mwezi kwa maandishi na ofisi ya kampuni inayotunza daftari la wageni, na ofisi hiyo itatajwa kwa jina na mahali ilipo, nakala itapelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu." Mwanasheria wa upande wa pili ameirudisha na alama ya kuuliza pembeni mwa maneno "mahali ilipo." Nimeyaacha yalivyo.